Halua Niliyoigawa kwa Mkono Wangu

Nianze na ujinga wangu, maana mtaa mzima unaujua, na nikiuficha nitaonekana mwongo tangu mstari wa kwanza. Katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba na cheti changu cha skuli nimekificha ndani ya foronya, niliitangaza posa yangu mwenyewe. Nilipita nayo mlango kwa mlango, kutoka Kiponda mpaka Sokomuhogo, sahani ya halua mkononi, nikiwakaribisha watu kwa sauti ya juu, na walioniambia "Mabruki" nikawajibu "Ahsante sana." Katika njia nzima ile, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajui kwamba nimeposwa. Mtu huyo ni mimi.

Yamenirudia haya Ijumaa iliyopita, tulipokusanyika nyumbani kwa Bi Rukia kumsomea hitima. Bi Rukia alikuwa somo yangu. Kwa asiyejua mambo yetu, somo ni mwanamke anayekabidhiwa msichana avunjapo ungo, amfunde usafi na adabu na yale ambayo mama anaona haya kuyasema. Akishakufunda ni wako mpaka mmoja wenu azikwe, na humfichi kitu. Mimi sikumficha kitu, na kisa chote kimo humo. Nilikaa chumbani kwake aliponifunda, chini ya dirisha, juzuu mkononi, nikijaribu kumwombea kwa moyo safi. Moyo ulikubali kufika nusu ya njia, ukagoma. Kila nikiinua macho nauona ukuta uliokuwa na kioo chake kirefu. Kioo hakipo, imebaki alama tu ya chokaa iliyo safi kuliko ya pembeni. Wajukuu zangu siku hizi husikiliza watu kwenye simu wakifundisha namna ya kujiamini: jitazame kiooni asubuhi, jisifu, vaa vizuri hata kama huendi popote, jipangie jambo moja dogo kila siku. Huwaacha wasikilize. Niwaambie nini? Kwamba mafunzo yote hayo niliyapata ndani ya chumba hiki kabla mama zao hawajazaliwa, na kwamba yalinifaa, na kwamba kunifaa kwake ndiko kunakoniudhi zaidi?

Nilikuwa mtu wa ndani, na bado ni mtu wa ndani. Kuna watu wa mtaani kwetu ambao wameniona mara nyingi dirishani kuliko njiani, na nadhani wengine wanaamini sina miguu. Nyumbani waliniita Kobe. Skuli mwalimu akiita majina, wenzangu hujibu "Naam" mpaka vioo vya madirisha vikatikisika. Yangu ilikuwa ikifika kwenye meno inageuka kurudi ilikotoka. Nimewahi kuandikwa sipo hali nimekaa safu ya mbele, na nikaona bora nisipinge, kwa kuwa kupinga nako kunataka sauti. Na mtu huyu, Kobe huyu, alitaka kuwa mwalimu. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kuandika. Lililobaki ni kuitwa mbele ya watu watatu, nisimame ubaoni, nifundishe somo moja kama vile darasa limejaa. Nilimwambia Bi Rukia peke yake, siku moja ananisuka, kwa kuwa mtu akikushika kichwa kwa nyuma hakuoni uso, na maneno hutoka kwa wepesi. Nikamwambia kwamba nikilikosa hili sina jingine. Kwamba usiku huota nimesimama ubaoni na watoto wananiitikia. Kitana kikasimama kichwani mwangu. Akasema, "Basi tutakutoa hiyo sauti, mwanangu. Imo humo, imelala tu." Tukaandika barua ya kuomba niitwe, na kwa vile sisi hatukuwa na sanduku la posta, tukaandika la duka la mumewe.

Mafunzo yakaanza Mfunguo Mosi, nyumba ikingali inanuka visheti vya sikukuu. Chumba chake kilikuwa juu, ngazi ya pili, na asubuhi jua liliingia kwa dirisha la uchochoroni likapiga moja kwa moja kwenye kioo. Alinisimamisha hapo.

"Haya, jitazame."

"Nshajitazama."

"Umetazama sakafu. Kioo kiko juu. Sema: mie ni Bi Zuwena."

"Mie ni Zuwena."

"Zuwena ndo nani, paka? Mtie Bi wake! Usipojitia weye atakutilia nani, muuza kahawa?"

Nikajitia u-Bi, kwa sauti ambayo nzi aliyekuwa kiooni hakuona haja ya kuruka. Akanipaka wanja, akanifukiza udi chini ya nguo, akanitia tone la mafuta ya waridi nyuma ya kila sikio. Nikamuuliza kuna faida gani na nje natoka na buibui, nani ataona, nani atanusa. "Utanusa weye," alisema. "Mtu anayenukia hatembei kama anayeomba radhi." Kisha akanipa kopo tupu la chai. Kila nitakapofanya jambo moja la kunitisha nitie punje moja ya karafuu, na jioni nije nimsimulie nimetia kwa lipi. Karafuu ya kwanza niliitia kwa kumwambia muuza ndimu kwamba hizo ndimu zake zimekauka. Ya pili kwa kumwamkia mzee mmoja wa barazani kabla hajanikoholea. Zikifika kumi Bi Rukia hunipikia mkate wa kumimina, tukaula wa moto, yeye akicheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kanga nikimwigizia uso wa muuza ndimu. Sijawahi kupendwa vile. Nalisema hili wazi, nisije nikadhaniwa nimesahau.

Mwezi wa pili akaja na jambo la sahani. Alisema woga wangu unatokana na kutoka mikono mitupu. "Mwenye sahani mkononi haulizwi aendako. Na watu hawatazami uso, wanatazama kawa, wanataka kujua ndani mna nini." Basi kila baada ya siku mbili tatu alinikabidhi sahani iliyofunikwa kawa, leo sambusa, kesho kaimati, nimpelekee jamaa yake, Bi Nunu, Kiponda. Sharti moja: hodi yangu isikike mpaka jikoni. "Sauti itoke tumboni, Zuwena. Ya kooni ni ya kukohoa." Siku ya kwanza nilipiga hodi mara nne, hakunijibu mtu, nikafurahi, nikageuka kurudi, Bi Rukia akanirudisha na sambusa zimepoa. Siku ya tano kijakazi alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani kuna moto. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya njia.

Bi Nunu alikuwa mwanamke mnene, mweupe, mwenye macho ya mfanyabiashara, na hakuna aliyewahi kunisifu kama yeye. "Mashaallah, sauti gani hii! Mashaallah, mwendo gani huu!" Hukaa kitako kwenye msala wake akanipa vijikazi. Alinambia nimshushie bakuli kutoka rafu ya juu; nikamshushia. Alinipa sindano nimtungie uzi, nami nikamhurumia moyoni, masikini mama wa watu haoni. Siku nyingine nilimkuta anachambua mchele, na chuya hata moja haimpiti. Alinisimulia vichekesho, na nikicheka huinama kidogo kama anayetafuta kitu kinywani mwangu. Aliniuliza mama alizaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Hayo yote mimi niliyahesabu ni sehemu ya mazoezi. Nikirudi natia karafuu tatu kwa mpigo: moja ya hodi, moja ya kucheka mbele ya mtu, moja ya kujibu maswali bila kuuma kucha. Mwanamke aliniangalia mikono, macho, meno na kizazi, na mimi naona fahari, kama mbuzi wa sikukuu anayedhani anashikwa mbavu kwa mapenzi.

Na sahani, kama mjuavyo, hairudi tupu. Kwanza zilirudi ndimu, halafu sukari, halafu kichupa cha mafuta mazuri, na kila mara nampelekea Bi Rukia, naye anakipokea anakigeuza geuza na kusema tu, "Mambo mazuri." Mimi namuuliza, barua haijaja? "Serikali haina haraka, mwanangu. Weye tengeneza sauti." Nilitengeneza sauti. Nilikuwa napanda darini wakati wa kuanika nguo nafundisha jiografia mbele ya mashuka.

Ile siku yenyewe kopo lilikuwa na karafuu tisini na moja. Bi Nunu alinirudishia sahani si ile niliyokuja nayo, kubwa yake, imejaa halua imepambwa lozi, na pembeni kitambaa cha hariri kimefungwa fundo. "Hii ni yako, mwanangu, umeipata kwa uzuri wako." Nikaamini. Nikaamini kwamba mtu anaweza kupewa ratili mbili za halua kwa kupiga hodi vizuri. Nilitoka pale sioni chini, na kwa kuwa nilikuwa nimefunzwa kwamba furaha ya peke yako inachacha, nikaona nifanye jambo kubwa la kunitisha kuliko yote: niseme na kila mtu niliyekuwa nampita nimeinamisha kichwa. Nikaondoa kawa. "Karibuni halua!" niliita kwenye baraza ya kwanza. Wazee wakaacha bao. "Halua ya nini, mwanangu?" "Ya kwangu! Karibuni!" Wakatazamana, wakamega, wakasema Mabruki. Mlango wa pili wanawake wakapiga vigelegele. Nikadhani siku zote walikuwa wananiombea nipate sauti. Huku kwetu halua ikizungushwa mitaani na kitambaa cha hariri pembeni ya sahani, hata mtoto anayejifunza kutembea anajua maana yake. Na mimi nilikuwa naijua, hapo ndipo wajinga wenzangu huninusuru kwa kusema labda nilikuwa sijui. Nilikuwa nimekula halua za namna hiyo tangu sina meno. Ila haikunipitikia kwamba inaweza kuwa yangu. Kobe haposwi.

Aliyenivunja ni jirani yetu, Kazija, wakati huo kijana wa miaka ishirini na tano hivi, ameshaolewa mara mbili na kuachwa mara mbili, mdomo wake hauna kifuniko. Alikuwa mlangoni kwake anachuna samaki. Akaifuta mikono, akamega pande kubwa.

"Mabruki, Zuwena. Kumbe weye mjanja hivi? Wenzio hujifungia ndani wakilia, weye unapita unajigawia."

"Najigawia nini, Da Kazija?"

"Halua ya posa yako."

"Posa ya nani?"

Akaacha kutafuna. Alinitazama, akaitazama sahani, akakitazama kitambaa. "Ya mtoto wa Bi Nunu, yule aliyefiwa na mke, yuko Pemba. Mwezi wa tatu huu watu wanasema. Astaghfirullahi, we mtoto! Hukuambiwa?"

Sikumbuki ngazi za Bi Rukia nilizipandaje. Nakumbuka alikuwa anakuna nazi, na hakuacha kukuna. Niliweka sahani sakafuni, ilikuwa imebaki robo, na nikasema, kwa sauti ya tumboni aliyonipa yeye, "Somo, hii nini?"

"Ushakuwa mkubwa, unaona mwenyewe."

"Mimi nilikwambia nataka nini."

"Ulinambia unataka kutembea mbele za watu. Umetembea. Mie nimekufunza kutembea, Zuwena, sikukuahidi unakokwenda."

"Na barua?"

Mbuzi ya kukunia ikanyamaza. Aliinuka, akafungua kasha lake la misumari ya shaba, akatoa kutoka chini ya nguo bahasha iliyokwisha funguliwa, akanipa. Siku niliyotakiwa kufika mbele ya wale watu watatu ilikuwa imepita kwa siku tisa. Siku hiyo, nilipojikumbusha, nilipeleka kaimati.

"Sikuichana," alisema, kana kwamba ananionesha zawadi. "Ningeweza kuichana. Wangekupa cheti halafu wangekutupa Nungwi au Makunduchi, peke yako kwenye chumba cha watu, nani angekuja kukuposa huko? Heshima ya somo ni ndoa ya mwari wake. Watu wangesema Rukia kamfunda nani huyu anayezeeka na chaki mkononi?" Kisha akanishika kidevu, kwa mkono wenye tui, na akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliozama kama mwiba wa samaki: "Kesho kutwa ami yako atakuja na watu kukuuliza. Usihangaike. Huna la kusema. Nyamaza tu, kama kawaida yako."

Maana ndivyo ilivyo. Mwari akiulizwa na walii wake, haya humziba, na kunyamaza kwake ndiyo idhini. Wasichana wengine husifiwa kwa hilo. Mimi ningeolewa hata na sultani kwa namna hiyo, nilizaliwa nimeshakubali. Ami, ndugu wa marehemu baba, alifika alasiri na wajomba wawili wa bwana harusi na sheikh wa mtaani. Wakawekwa ukumbini chini, kahawa ikapita na halua, safari hii ya watu wenye akili. Mimi nilikuwa chumba cha pembeni nyuma ya pazia, na Bi Rukia amekaa na mimi, magoti yake yanagusa yangu, ananukia udi ule ule. Ami akasimama upande wa pili. Niliviona vidole vya miguu yake chini ya pindo la pazia. Akataja jina la mtu, akataja sifa zake, akauliza, je, unaridhia? Kimya. Bi Rukia alinikanda mkono. Akauliza mara ya pili. Nilisikia vikombe ukumbini vinatulia, nikasikia mtu anajikohoza tayari kusema Alhamdulillahi. Nami siwezi kudai kwamba niliwaza jambo kubwa. Niliwaza kioo, na Bi wangu. Niliwaza kwamba sauti ya kooni ni ya kukohoa.

"Sitaki!"

Ilitoka kama niliyeita hodi kwenye nyumba ya watu viziwi. Ukumbini kikombe kilianguka. Mmoja wa wale wajomba alijimwagia kahawa kanzu yote, nilisimuliwa baadaye. Ami alifunua pazia, na badala ya kunitazama mimi akamtazama Bi Rukia, kwa hasira, akamuuliza, "Nani kasema hivyo?" Alikuwa ami yangu miaka kumi na saba na hakuwahi kuisikia sauti yangu.

Bi Rukia alinitazama tu, kinywa wazi kidogo, na hata leo sijui uso ule ulikuwa wa nini. Kisha akajitanda kanga yake akatoka zake. Tuliishi hatua arubaini mbali naye kwa zaidi ya miaka hamsini. Nikikutana naye namwambia "Shikamoo", ananijibu "Marahaba", na hatukuongeza neno. Chuo cha ualimu hawakunichukua, mwaka uliofuata niliomba tena, wakasema nafasi zimejaa, na mwaka wa tatu sikuomba. Nilikaa ndani nikatia nakshi kofia, nikaolewa baadaye na mtu mpole anayekoroma, nikalea. Kufundisha, sijafundisha hata siku moja, ukiacha yale mashuka. Lile kopo nililimwaga njiani siku ile ile, karafuu zote, na mtaa ulinukia mpaka jioni kama siku ya kupakia meli.

Hitima ilipokwisha likaja sinia la pilau, tukaketi wanne wanne. Kazija, sasa Bi Kazija, hana jino hata moja la juu lakini mdomo ni ule ule, alikaa ubavuni kwangu. Nikakutana na karafuu kwenye tonge la kwanza. Niliitoa, nikaiweka ukingoni mwa sinia, na nikajikuta namwambia kwa sauti ya chini yale ambayo sijapata kumwambia mtu: kwamba nimesoma juzuu yangu yote na bado sijamsamehe, kwamba mtu niliyempa siri yangu aliifungia kasha akanipeleka sokoni ninatabasamu, na kwamba sioni kosa langu la kumnunia mpaka kaburini. Bi Kazija alimaliza kulamba vidole vyake, kimoja kimoja. Akasema:

"Kakunyima ualimu, kweli, na Mungu atamuuliza. Lakini ile 'sitaki' iliyomwaga kahawa ya watu, Zuwena, ulizaliwa nayo? Kula wali, unapoa."